Gunia la makala na mlima unaobaki mtupu

Saa kumi na moja ya magaribi, karibu kila parsele ya Goma na Bukavu kuko mbabula inayowaka. Sombe iko juu ya moto, maharagi yanangoja, maji ya bugali yatafuata. Mama ambaye hakupata franka za kununua gunia nzima amechukua sashe moja kwa jirani, na mara nyingi sashe hiyo inaisha mbele ya maharagi kuiva.

Kwa mtu wa mjini, makala ni jambo la bei. Ikipanda analalamika, ikishuka hasemi kitu. Lakini gunia lililofika Kituku kwa mtumbwi, ao lililopita Mudaka juu ya lori, limeacha kitu nyuma yake. Mahali fulani Kalehe, Masisi, Kabare, Idjwi ao ndani ya mbuga ya Virunga, kuko kipande cha ardhi kilichokuwa na miti na leo hakina. Aliyekata amelipwa. Aliyebeba amelipwa. Aliyesimamisha lori kwenye bariere amelipwa pia, hata kama hakushika shoka. Hasara yenyewe inalipwa na mtu mwingine, na kwa kawaida anailipa miaka mingi baadaye, akiwa anakaa chini ya ule mlima na hajui hata jina la aliyeukata.

Namna mti unavyogeuka makala

Mchoma makala haanzi na moto. Anaanza na shoka na panga, siku nyingi. Miti inaangushwa, inakatwa vipande, kisha inapangwa lundo palepale ilipoangukia, sababu miti mibichi ni mizito na hakuna anayetaka kuibeba mbali. Lundo linafunikwa na majani, halafu udongo juu yake, mpaka linafanana na kaburi kubwa lenye matundu madogo pembeni. Moto unaingizwa kwa tundu moja.

Kutoka hapo kazi ni kulinda. Hewa ikiingia nyingi, miti yote inageuka majivu. Ikiingia kidogo sana, moto unazimika na katikati kunabaki vipande vilivyoungua nusu, ambavyo hakuna mnunuzi atavitaka. Lundo dogo linachukua siku chache, kubwa linaweza kupita wiki. Mchomaji analala karibu yake, na akiona udongo umepasuka usiku anaamka kuziba. Moshi mweupe na mzito ni maji yanayotoka ndani ya miti. Ukianza kuwa mwepesi, wenye rangi ya bluu, anajua makala iko karibu.

Hasara kubwa iko ndani ya lundo lile. Kwa njia hii ya kawaida, kilo 100 za miti zinatoa kilo 10 mpaka 20 za makala, basi. Gunia la kilo 50 limekula kilo 250 za miti kama mchomaji ni fundi na miti ilikauka vizuri, ao kilo 500 kama miti ilikuwa mibichi na mwenyewe alikuwa mbioni. Na mtu anayechoma ndani ya msitu usio wake yuko mbioni kila siku, juu anaogopa kukamatwa. Njo maana kukataza peke yake, bila kuongeza kitu kingine, kunaweza hata kuzidisha uharibifu: mwenye kujificha anakata kilicho karibu, anakichoma kibichi, anakimbia.

Kijijini watu wengi bado wanapika na kuni: matawi makavu, vigogo vya shambani, mabua ya mahindi. Mji njo unaotaka makala. Ni nyepesi kubeba, haiozi, haijazi moshi ndani ya nyumba ndogo ya mbao. (Inatoa hata vile hewa ya sumu isiyoonekana, na kulala na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa kumeshaua watu wengi.) Kila mara mji unapoongezeka watu, mlima fulani wa mbali unapungua miti, na katika miaka 30 hii Goma na Bukavu zimeongezeka sana, nyingi ya hao wapya wakiwa wanakimbia vita vya vijijini. Mtu aliyekuwa anapika na kuni za shamba lake huko Masisi, akifika Goma anakuwa mnunuzi wa makala. Ni mtu yuleyule na chakula ni kilekile, lakini sasa anatumia miti mingi zaidi kuliko zamani.

Kutojua si sababu

Katika mikutano mingi ya mjini husemwa kwamba mkulima wa kijijini hajui faida ya miti. Anaijua kuliko wale wanaomfundisha. Anajua ni chini ya mti gani uyoga unaota, ni gome gani linatibu kuhara, ni chemchemi gani ilikauka mwaka ule kilima kilipokatwa. Ukimuuliza sababu ya kukata, jibu lake ni fupi: "Batoto batakula nini?"

Tuhesabu pamoja naye. Maharagi yanataka miezi mitatu, na mvua ikikosa siku zake hayazai. Muhogo unataka mwaka mzima ao zaidi, na ugonjwa unaweza kuukuta shambani. Mkaratusi unataka miaka mitano mpaka saba mbele ya kukatwa. Lakini mtoto amerudishwa nyumbani leo juu ya minervali, ao mgonjwa amepona na hospitali haimwachilii mpaka fakitire ilipwe. Makala haitaki mbegu, haingoji majira ya mvua, na katika wiki mbili inakuwa pesa mkononi. Kwa mtu asiye na mshahara, wala ng'ombe, wala benki, msitu njo benki.

Kuko sababu ingine, na hii haisemwi sana: ardhi ni ya nani.

Katika Bushi na Buhavu, desturi inajua njia kadhaa za kupata shamba. Ya kwanza ni kalinzi. Mtu anatoa kitu kwa mwami ao kwa mkubwa wa mahali anayemwakilisha, zamani ilikuwa ng'ombe, na anapata haki ya kudumu ambayo watoto wake watairithi. Mwenye kalinzi anaweza kupanda kahawa, ndizi, miti. Ya pili ni bwasa. Hii ni kukodi kwa muda mfupi, musimu mmoja ao mwaka, kwa pesa, kwa siku za kazi ao kwa sehemu ya mavuno. Na bwasa iko na sharti moja ambalo kila mtu analijua bila kuandikwa: ndani yake unapanda maharagi, mahindi, viazi, lakini hupandi mti. Mti ni kama sahihi. Ukipanda mti unaokaa miaka 20, ni kama umesema shamba ni lako, na mwenye ardhi hawezi kukubali.

Hivi maelfu ya familia zinalima mashamba ambamo zimekatazwa kupanda mti hata mmoja. Kuni lakini wanazihitaji kila siku. Watazitoa wapi? Watazitoa pale pasipo na mwenyewe anayeonekana: mbuga, msitu wa serikali, kilima cha mwenye konsesyo anayekaa Kinshasa ao Ulaya.

Hao wenye konsesyo nao wako na historia. Wakati wa ukoloni ardhi nzuri za Kivu, zile za udongo mweusi na mteremko mdogo, zilichukuliwa kuwa mashamba makubwa ya kahawa, chai na kwinini. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya serikali. Aliyejua njia ya ofisi alipata karatasi juu ya kilima ambacho wengine walikuwa wanakilima tangu babu zao. Waliosukumwa walipanda juu zaidi, kwenye miteremko mikali ambayo wazee walikuwa wameiachia miti kwa sababu waliijua.

Vita vimeongeza yake. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliwekwa kwenye kambi za Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, kando kabisa ya mbuga ya Virunga, na kila mmoja wao alihitaji kupika. Miaka karibu 30 baadaye ilikuwa zamu ya Wakongo wenyewe. Waliokimbia Rutshuru na Masisi walijaa Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, wakikata katika mbuga ileile. Mwaka 2023 shirika la Médecins Sans Frontières lilitoa taarifa kwamba linapokea wanawake wengi sana waliobakwa karibu na kambi za Goma, na wengi wao walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni ao chakula. Ndani ya familia watu walikuwa wanapima: mwanamume akienda msituni anaweza kuuawa, mwanamke akienda anaweza kubakwa. Mara nyingi aliyekwenda ni mwanamke. Bei hiyo haiko ndani ya bei ya sashe.

Mwenye bunduki hachomi makala, anatoza. Makundi ya silaha yamekuwa yakilipisha mchomaji kuingia msituni, yakilipisha kila gunia linalotoka, na bariere za barabarani zinaongeza zao. Ndiyo maana biashara hii ni ngumu kuigusa. Julai 2007, gorila wa familia moja ndani ya Virunga waliuawa kwa risasi. Nyama yao haikuchukuliwa wala watoto wao hawakuibiwa. Uchunguzi wa wakati ule ulielekea kwa watu wa makala, ambao walikuwa wanawaona walinzi wa mbuga kama wazuizi wa faida yao.

Na kuranti? Nchi iko na mito mikubwa kuliko nyingine yoyote Afrika, lakini karibu mtu mmoja tu kwa watano njo anapata umeme. Hata pale ulipofika, kama Goma ambapo kituo cha Matebe kwenye mto Rutshuru kinaleta kuranti, familia nyingi zinautumia kwa taa, simu na redio. Kupika ni kitu kingine. Kunataka rishoo, sufuria nzuri, yuniti nyingi, na hakikisho kwamba kuranti haitakatika bugali ikiwa katikati.

Haya ni ya Kivu. Kwa bonde lote la Congo, wanasayansi waliolinganisha picha za setilaiti wamepata kwamba zaidi ya asilimia 80 ya msitu ulioguswa umeguswa na kilimo kidogo, cha jembe na panga. Kwenye milima yetu mambo haya mawili yanakwenda pamoja: mtu anakata, anachoma makala, halafu anapanda maharagi juu ya majivu. Ituri na Beni kuko tena mbao za libuyu zinazopita Kasindi na Mahagi kwenda Uganda na Kenya, na kakao inayofuata nyuma ya msumeno. Hiyo inastahili makala yake peke yake, makala ya kusoma safari hii.

Mizizi inaoza polepole

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, teritware ya Kalehe, Kivu Kusini. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Mvua kubwa ilinyesha mlimani, na mito midogo ambayo siku zingine mtoto anaivuka kwa miguu ilishuka na matope, miti na mawe makubwa kama nyumba. Bushushu na Nyamukubi zilifunikwa. Watu zaidi ya 400 walizikwa, na wengine wengi zaidi hawakuonekana mpaka leo. Kuko familia ambamo hakubaki mtu wa kulia.

Ni lazima kusema vizuri hapa. Mvua ile ilikuwa kubwa sana. Milima ya upande huo ni mikali toka Mungu aiumbe, na vijiji vile vimejengwa pale ambapo mito huteremsha mizigo yake tangu zamani, sababu ni pale ardhi inapokuwa tambarare na karibu na ziwa na barabara. Mtu akisema "ni miti tu" anakosea. Mtu akisema "ni Mungu tu" anakosea vilevile.

Mti unashika mlima kwa njia tatu. Majani yanavunja nguvu ya matone. Takataka za majani chini ni kama sponji, zinakunywa maji na kuyaachilia polepole. Na mizizi inashona udongo wa juu na ule wa chini, kama uzi unavyoshona vitambaa viwili. Mti ukikatwa, majani yanaondoka siku ileile. Sponji inaondoka katika musimu mmoja ao miwili. Uzi lakini unabaki, juu mizizi ya mti uliokatwa haifi mara moja. Inaoza kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na kilima kinaendelea kusimama kama kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo njo watu wanadanganyika. Mwaka wa kwanza baada ya kukata, shamba linazaa kwa ajili ya majivu, mlima umesimama, kila mtu anasema wale wa mazingira walikuwa wanatisha watu bure. Uchunguzi juu ya maporomoko ya ardhi katika eneo la Kivu na kaskazini mwa Tanganyika, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba msitu ukigeuzwa shamba, maporomoko yanaongezeka kwa muda wa karibu miaka 15, na katika muda huo udongo unaoteremka unaweza kuwa mara mbili mpaka nane ya ule wa pale penye msitu. Kwa maneno mengine, mtoto aliyezaliwa mwaka ule kilima kilipokatwa anaweza kuwa sekondari siku kilima kinaposhuka.

Aliyekata amekwisha kuhama, ao kufa, ao yeye pia yuko chini pale pamoja na wengine.

Hasara zingine haziui watu kwa usiku mmoja, kwa hiyo hazifiki kwenye habari. Chemchemi kwanza. Kilima kikiwa na miti, maji ya mvua yanaingia ndani na kutoka chini polepole hata mwezi wa saba na wa nane, katikati ya kiangazi. Kikiwa kitupu, maji yanakimbia juu juu na kufika ziwani siku ileile. Ndoo ya maji iliyokuwa karibu na nyumba inakuwa mwendo wa saa nzima. Wanaotembea ni mamama na wasichana, na msichana anayechota maji mara mbili asubuhi anafika masomo kengele imekwisha kulia.

Udongo nao unakwenda. Zamani shamba lilipochoka liliachwa lipumzike miaka mingi, mpaka vichaka na miti midogo virudi. Leo, kwa kuwa watu ni wengi na ardhi ni ndogo, linapumzika mwaka mmoja ao halipumziki kabisa. Mvua inabeba tabaka la juu, lile jeusi lenye chakula cha mimea, na kuacha udongo mwekundu. Mtu analima eneo lilelile, kwa jasho lilelile, anavuna nusu. Na akivuna nusu atatafuta wapi kijazio cha njaa? Anarudi kwenye shoka.

Udongo ule haupotei. Sehemu yake inaishia kwenye mito na ziwa, na ule wa bonde la Ruzizi unateremka mpaka kwenye mabwawa ya Ruzizi I na Ruzizi II, ambayo yanalisha Bukavu na majirani wa Rwanda na Burundi. Udongo na uchafu wa plastiki vinajazana mbele ya mashine, mashine zinasimamishwa kusafishwa, kuranti inakatika mitaani. Na kuranti ikikatika Kadutu, mama aliyekuwa ameanza kuzoea rishoo anamtuma mtoto kwa jirani: "Uniletee sashe ya makala."

Miti yenye mwenyewe

Kile kilichoonekana kufanya kazi katika Kivu Kaskazini ni jambo rahisi: makala itoke kwenye miti iliyopandwa kwa ajili ya makala, na ile miti iwe na mwenyewe. Tangu mwaka 2007, mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF umesaidia wakulima wanaozunguka Virunga kupanda mikaratusi, akasia na grevilea kwenye mashamba yao wenyewe. Mkulima mwenye nusu hekta ya mkaratusi anaikata baada ya miaka mitano mpaka saba, visiki vinachipuka tena bila kupandwa, na anakata mara ya pili na ya tatu. Huyo hana haja ya kuchoma mbio usiku. Anaacha miti ikauke, anapanga lundo vizuri, anapata makala nyingi kwa mti uleule. Akiweza kupata tanuri lenye bomba la moshi, lile la aina ya Casamance lililotoka Senegal, mavuno yake yanaweza kufika kilo 25 hata 30 kwa kila kilo 100.

Mkaratusi lakini si mti wa kupanda kila mahali. Unakunywa maji sana. Karibu na chemchemi ao mtoni unakausha, na kati ya maharagi unayanyima chakula. Mahali pake ni kilima kilichochoka, mbali na maji. Kwenye mipaka ya shamba grevilea ni bora, mizizi yake inakwenda chini na haigombani sana na mimea. Akasia inarudisha nguvu kidogo kwenye udongo. Na juu ya chemchemi, kinachofaa zaidi ni kuacha miti ya asili irudi yenyewe na kukataza mbuzi.

Kwenye miteremko kuko tena kazi ya mitaro na mistari ya majani ya mifugo inayokata mbio ya maji. Wazee wengi wanaikumbuka vibaya, sababu wakati wa ukoloni ilikuwa ya lazima, kwa viboko na amande, kazi ya Bula Matari. Uhuru ulipofika watu waliiacha kwa furaha. Kosa halikuwa mtaro, lilikuwa kiboko. Leo mkulima anayepanda majani hayo anapata chakula cha mbuzi na ng'ombe, na wengine wameanza kurudia kwa hesabu yao wenyewe.

Mjini nako kuko kazi. Mbabula ya bati tupu inatupa moto pembeni. Ile yenye udongo ndani, iliyotengenezwa vizuri, inapunguza makala kwa theluthi moja hata nusu. Maharagi yaliyolala ndani ya maji usiku kucha yanaiva mbio zaidi. Sufuria yenye kifuniko pia. Kwa familia inayonunua sashe kila siku, hizo ni franka zinazobaki mfukoni mwisho wa mwezi.

Kuhusu sheria, Kodi ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inawaachia wakaaji haki ya kutumia msitu kwa mahitaji yao ya nyumbani. Kukata kuni na kuchoma makala kwa kuuza kunataka ruhusa ya maandishi. Watu wengi wa kijijini hawajawahi kuiona karatasi hiyo, lakini wanalipa kwenye bariere karibu kama walioikosa na walioipata. Kuko mlango mwingine ambao unafaa kujulikana zaidi: dekrete ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya mahali kuomba msitu wake wa desturi uwe konsesyo ya jamii, mpaka hekta 50.000, bure na bila mwisho wa muda. Jamii kadhaa za Walikale zimekwisha kupita njia hiyo. Ni njia ndefu, inataka ramani, mikutano, sahihi za wakubwa wote wa mahali na kukubaliana na majirani juu ya mipaka. Hata vile, jamii yenye karatasi inaweza kumwambia mgeni mwenye msumeno arudi alikotoka.

Hayo yote hayamgusi bado yule wa bwasa. Yeye hana kilima cha kupandia wala msitu wa kuombea karatasi. Njia inayojaribiwa mahali pengine ni mapatano: mwenye ardhi anakubali mlimaji apande miti kwenye mpaka ao kwenye sehemu iliyochoka, miti inahesabiwa kuwa mavuno tu na si haki juu ya udongo, na siku ya kukata wanagawana. Inafaa iandikwe mbele ya mkubwa wa kijiji na washuhuda wa pande mbili, idadi ya miti, mwaka wa kukata, na sehemu ya kila mmoja. Inafaa pia iseme kitatokea nini kama mmoja wao akifa, ao vita vikiwafukuza wote wawili na wakikuta visiki waliporudi, juu mambo hayo yameonekana mara nyingi.

Mvua inarudi mwezi wa tisa. Mche wa mkaratusi ao wa grevilea unataka miezi mitatu mpaka mitano ndani ya pepinyeri mbele ya kuhamishwa, kwa hiyo mbegu zinaingia udongoni mwezi wa tano ao wa sita, pale kiangazi kinapoanza, karibu na maji ya kumwagilia na chini ya kivuli cha majani. Mapatano na mwenye ardhi yanatakiwa kumalizika mbele ya hapo.